Umwagiliaji wa zabibu na miti ya matunda: hesabu maji kabla ya kununua mipira



Swali ninaloulizwa kuliko yote kila kiangazi ni hili: "Bwana shamba, kufunga dripu ekari moja ni shilingi ngapi?" Ni swali zuri, ila limewahi kidogo. Ni sawa na mtu kuuliza bei ya sufuria kabla hajajua nyumbani kuna unga kiasi gani.

Mipira ya matone haileti maji. Inagawa maji uliyonayo. Kama maji hayatoshi, utakuwa umegawa upungufu kwa usawa shamba zima, na kila mti utapata kiu yake. Kwa hiyo leo tutaanza na hesabu, halafu ndipo tuzungumze mifereji, vinyunyizi na matone. Mfano mkubwa nitauchukua kwenye zabibu za Dodoma, baadaye tutapita kwenye maembe na maparachichi. Chukua kalamu au fungua kikokotoo cha simu, twende pamoja.

Mzabibu mmoja unakunywa kiasi gani?

Shika kitu kimoja ambacho kitakusaidia maisha yako yote ya kilimo: milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Ukishika hiyo, hesabu nyingine zote ni za darasa la tano.

Jua, upepo na ukavu wa hewa vinavuta maji kutoka kwenye majani na udongo. Tuiite kiu ya hewa. Wataalamu huipima kwa milimita kwa siku. Kwa Dodoma, kati ya Juni na Agosti, unaweza kupanga kwa milimita 5 kwa siku. Oktoba hadi Novemba, wakati jua linawaka na mvua bado, panga kwa milimita 6.5. Ukitaka namba za eneo lako hasa, muulize afisa ugani wako akutolee kwenye programu ya FAO inayoitwa CROPWAT, ambayo ni ya bure.

Lakini mzabibu haunywi kiu yote ya hewa. Unategemea una majani kiasi gani. Mwongozo wa FAO wa mwaka 1998 unaweka zabibu za mvinyo kwenye 0.3 zinapoanza kuchipua, 0.7 majani yakishajaa, na 0.45 kuelekea mavuno. Zabibu za kula mezani majani yakijaa zinafika 0.85.

Sasa tuhesabu. Umepanda kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 2. Kila mzabibu una mita 6 za mraba, na ekari moja inabeba mizabibu kama 670. Ni Julai, majani yamejaa:

5 × 0.7 × 6 = lita 21 kwa mzabibu mmoja kwa siku.

Hizo ni lita zinazotakiwa kuingia kwenye mmea. Njiani kuna hasara, na hasara hiyo inategemea njia unayotumia. Kwa kupanga, FAO hutumia ufanisi wa asilimia 60 kwa mifereji, 75 kwa vinyunyizi na 90 kwa matone. Maana yake, ili mzabibu upate lita 21, wewe unatakiwa utoe:

- Kwa mifereji: lita 35
- Kwa vinyunyizi: lita 28
- Kwa matone: lita 23 na ushee

Zidisha kwa mizabibu 670. Ekari moja kwa siku inataka kama lita 23,500 kwa mifereji, lita 18,800 kwa vinyunyizi, au lita 15,600 kwa matone. Hiyo ndiyo bili yako ya maji wakati wa kilele. Iandike ukutani.

Kisima chako kinatoa kiasi gani?

Usikubali jibu la "kisima kina maji mengi." Mengi ni mangapi? Chukua ndoo ya lita 20 na simu yako. Washa pampu, iache ifanye kazi saa kadhaa mpaka maji yatulie, halafu kinga ndoo na upime sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 36, una lita 2,000 kwa saa. Ikijaa kwa sekunde 18, una lita 4,000. Kanuni ni rahisi: gawa 72,000 kwa idadi ya sekunde.

Pima mwisho wa kiangazi, Oktoba hivi, siyo Machi mvua zikiwa zimejaza kila korongo. Kisima cha Machi na kisima cha Oktoba ni visima viwili tofauti hata kama shimo ni moja. Na kama ndiyo kwanza unachimba, mdai mchimbaji taarifa ya majaribio ya kusukuma maji, yenye kiasi cha maji kwa saa na kina ambacho maji yalishuka wakati wa kuvuta. Hiyo karatasi ni mali yako, usiondoke bila hiyo.

Sasa tuseme kisima chako ni cha lita 2,000 kwa saa na pampu ni ya sola. Sola inavuta vizuri kama saa 6 kwa siku. Una lita 12,000.

Linganisha na bili ya ukutani. Kwa mifereji, lita 12,000 zinatosha nusu ekari. Kwa matone, zinatosha robo tatu ya ekari. Hapo ndipo watu wengi hunyamaza kwenye simu. Ndiyo, dripu imekuongezea nusu ya eneo ulilokuwa nalo, na hiyo si haba. Lakini haiwezi kugeuza maji ya nusu ekari kuwa maji ya ekari tano. Hakuna mpira wa namna hiyo duniani.

Mtego wa mwaka wa kwanza

Hili lisikilize kwa makini, kwa sababu ndilo linalowaumiza vijana waliochukua mkopo.

Tuseme kijana ana kisima hichohicho cha lita 12,000 kwa siku, na amepanda ekari tano. Ana miche 3,350. Akigawa, kila mche unapata lita 3 na nusu. Mche wa mwaka wa kwanza hauna majani ya maana, kivuli chake hakizidi mita moja ya mraba. Lita 3 au 4 zinautunza vizuri tu. Shamba linapendeza, watu wanakuja kupiga picha, na yeye anaamini maji yametosha.

Mwaka wa pili majani yanaongezeka. Mwaka wa tatu, ambapo mizabibu inapaswa kuanza kurudisha hela kikamilifu, ekari tano zinataka lita 78,000 kwa siku, na kisima ni kilekile cha 12,000. Maua yanapukutika, vichala vinatoka na punje chache, zabibu zinakuwa ndogo. Kijana anabadilisha mbolea, anabadilisha dawa, analaumu miche. Na rejesho la mkopo limeshaanza kudaiwa.

Kwa hiyo usipange eneo kwa kiu ya mche. Panga kwa kiu ya mzabibu mzima, mwezi ambao una majani mengi na mvua hakuna.

Kama maji ni machache, bado kuna njia

Sijasema hesabu hizi ili uache kulima. Nimezisema ili ulime eneo sahihi, kwa kalenda sahihi.

Dodoma tuna bahati moja: mzabibu hauna baridi ya kuulaza, unaamka ukipogolewa. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni takriban miezi minne. Ndiyo maana tunaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, mara moja Februari na Machi, na mara nyingine Agosti na Septemba. Lakini misimu hii miwili haina kiu moja.

Ukipogoa kuelekea mvua, mzabibu unaanza na majani machache wakati jua ni kali. Hesabu yake Oktoba ni 6.5 × 0.3 × 6, kama lita 12, ambazo kwa matone unatoa lita 13. Majani yakija kujaa, mvua za Desemba na Januari zinabeba mzigo mkubwa. Msimu huu maji yako ya kisima ni ya kusaidia tu, kuvusha wiki za mwanzo na vipindi ambavyo mvua inakata.

Ukipogoa Aprili au Mei, mambo yanageuka. Majani yanajaa Juni na Julai, mvua hakuna, na kila lita inatoka kwenye kisima. Huu ndio msimu wa kutumia bili ya ukutani.

Basi mwenye ekari tano na lita 12,000 afanye hivi: achague robo tatu ya ekari iliyo bora, afunge matone kamili, avune mara mbili. Ekari zinazobaki azipogolee kuelekea mvua tu, avune mara moja, na kiangazi zipewe maji kidogo ya kubaki hai. Mavuno mara moja yaliyokamilika ni bora kuliko mara mbili ya vichala vilivyosinyaa.

Ongeza na matandazo. Nyasi kavu au mabua, unene wa kiganja, kando ya mstari wa mizabibu, bila kugusa shina. Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, na jua likiupiga wazi unapoteza maji ambayo umeyalipia. Chunguza mchwa kila wiki ukiweka matandazo, nao wana njaa yao.

Mifereji, vinyunyizi au matone?

Mifereji na vibonde kuzunguka shina havigharimu vifaa, vinataka jembe na nguvu. Vinafaa kama maji yanakuja yenyewe kwa mteremko, shamba ni tambarare na udongo una mfinyanzi wa kutosha. Kwenye kichanga, maji yanazama mwanzo wa mfereji na mizabibu ya mwisho inabaki inaangalia tu. Ukibaki na mifereji, ifanye mifupi, na fungua maji kwa nguvu kwa muda mfupi badala ya kuyaacha yajikokote asubuhi nzima.

Vinyunyizi vya kurusha juu sivishauri kwenye zabibu. Vinalowesha majani, na majani yakibaki na maji unaualika ubwiri vinyoya mezani kwako. Utaokoa kwenye kibarua cha kumwagilia, utalipia kwenye dawa. Isitoshe, maji ya chumvi yakikaukia kwenye majani yanayaunguza.

Matone ndiyo njia inayofaa zaidi kwa mizabibu yenye maji ya kisima. Majani yanabaki makavu, magugu yanaota kidogo katikati ya mistari, na mbolea inayoyeyuka unaweza kuipitishia humo humo. Ila ina masharti.

Sharti la kwanza ni presha. Kila mita 10 za kimo cha tenki zinakupa presha ya ba 1. Tenki lililoinuliwa mita 3 linakupa ba 0.3 tu. Mipira mingi yenye matone ya kujirekebisha presha inataka zaidi ya hapo ndipo ifanye kazi yake. Kabla hujalipa, muulize muuzaji mpira huu unafanya kazi kuanzia presha gani, na umwoneshe kimo cha tenki lako. Kama hajui, tafuta muuzaji mwingine.

Sharti la pili ni vitalu. Mpira wenye tundu kila sentimita 50, kila tundu likitoa lita 2 kwa saa, unampa mzabibu mmoja matundu 4, yaani lita 8 kwa saa. Lita 23 zinapatikana kwa kama saa 3. Lakini ekari nzima ikifunguliwa kwa pamoja inavuta lita 5,360 kwa saa, na kisima chako ni cha 2,000. Ukifungua yote, presha inakufa na matundu ya mbali hayatoi kitu. Gawa shamba kwa robo ekari, kila robo na koki yake. Robo moja inavuta lita 1,340 kwa saa, pampu inaimudu. Robo tatu kwa saa 3 kila moja ni saa 9, kwa hiyo utahitaji tenki la kuhifadhi yale ya mchana ili umalizie asubuhi na jioni.

Sharti la tatu ni chujio. Mpira bila chujio ni hela uliyoifukia. Tumia chujio la disiki au la wavu, lisafishe kila siku ya kumwagilia mpaka utakapojua maji yako yanachafua kwa kasi gani. Kila wiki mbili fungua ncha za mipira uache maji yatoke mpaka yawe meupe.

Chupa itakuambia ukweli

Mipira ikishafungwa usiiamini kwa macho. Chukua chupa tupu za maji, chimba vishimo vidogo, kinga tundu moja kwa dakika 15. Tundu la lita 2 kwa saa linapaswa kujaza nusu lita. Pima matundu 16: manne mwanzo wa shamba, manane katikati, manne mwisho kabisa.

Jumlisha yote, tafuta wastani. Halafu chukua manne yaliyotoa kidogo kuliko yote, tafuta wastani wake. Gawa wastani wa wanyonge hao kwa wastani wa wote. Ukipata asilimia 90 au zaidi, mfumo uko vizuri. Ikishuka chini ya 80, kuna tatizo la presha, uchafu au chokaa iliyoziba, na mizabibu ya upande huo unainyima chakula bila kujua. Fanya hivi siku ya makabidhiano kabla hujamaliza kumlipa fundi, kisha rudia kila msimu.

Lini umpe, lini umnyime

Mzabibu hauhitaji maji kwa kiasi kilekile kila wiki. Kuanzia kuchipua mpaka punje zifikie ukubwa wa njegere, usiulegeze. Kiu wakati wa maua inapukutisha maua, na ua lililoanguka halirudi.

Punje zikianza kubadilika rangi na kulainika, punguza taratibu. Kwa zabibu za mvinyo, shuka mpaka nusu ya kiasi cha kawaida. Viwanda vinaangalia sukari, kile kipimo wanachokiita briksi, na mkulima anayefungulia maji wiki ya mwisho ili kilo ziongezeke anajikuta na punje zilizopasuka na sukari iliyoshuka. Lakini usikate kabisa kwenye kichanga, majani yakinyauka sukari nayo inakwama.

Ukimaliza kuvuna, rudisha maji kiasi. Majani yanayobaki ndiyo yanayotengeneza akiba ya msimu unaofuata. Watu wengi wakishavuna wanafunga koki wanaenda mjini. Mzabibu unakumbuka.

Na kabla ya kufungua koki siku yoyote, chimba sentimita 30 kando ya mstari. Finya udongo. Kwenye udongo wa tifutifu, ukishikamana tonge bado una maji. Ukimomonyoka, ni wakati. Kwenye kichanga tonge halishiki vizuri hata kukiwa na unyevu, kwa hiyo angalia kama unaacha ubaridi na rangi kwenye kiganja.

Chumvi, adui asiyepiga kelele

Visima vingi vya ukanda huu wa kati vina maji ya chumvichumvi. Peleka chupa ya maji yako maabara, kwa mfano SUA Morogoro au TARI Mlingano, kabla ya kupanda. Kwa mwongozo wa FAO, maji yenye kipimo cha desisimensi 1 kwa mita hayapunguzi mavuno ya zabibu. Yakifika 1.7, tarajia kupoteza kama asilimia 10. Parachichi ni dhaifu zaidi kwa chumvi kuliko zabibu.

Matone yana tabia yake: yanasukuma chumvi mpaka ukingo wa sehemu iliyolowa, ndiyo ule utando mweupe unaouona pembeni. Pale imekaa kimya. Mvua ya kwanza ikinyesha kidogo, inaiyeyusha na kuirudisha kwenye mizizi, na majani yanaungua pembeni wiki hiyohiyo huku mkulima anashukuru kwa mvua. Kwa hiyo manyunyu ya kwanza yakianza usifunge dripu. Endelea kutoa maji mpaka inyeshe mvua kubwa ya kuiosha chumvi iende chini.

Miembe na miparachichi: usiwachanganye

Kwa miti ya matunda, usihesabu kwa nafasi ya kupandia wakati miti bado midogo. Tumia kivuli. Saa sita mchana pima kivuli cha mti, urefu kwa upana, hizo ndizo mita zako za mraba.

Mwembe mkubwa unataka ukame kabla ya maua. Mvua zikiisha Aprili au Mei, usiumwagilie. Uache ukae mkavu miezi miwili au mitatu ndipo utoe maua mengi badala ya majani mapya. Maua yakishatoka na vitunda vikafikia ukubwa wa njegere, hapo anza kutoa maji na usikatize mpaka embe zikomae. Miche ya miaka mitatu ya kwanza haihusiki na sheria hii, yenyewe mpe maji kiangazi chote.

Parachichi ni kinyume chake. Mizizi yake mingi iko juujuu, haivumilii kiu, na kwa kanda kama Njombe na Iringa maua na vitunda mara nyingi vinakutana na kiangazi. Mti wenye kivuli cha mita 4 kwa 4, kiu ya hewa ikiwa milimita 4 na kipimo cha zao 0.85, unataka lita 54 kwa siku kabla ya hasara. Mpe kidogokidogo mara kwa mara. Hapa vinyunyizi vidogo vya chini ya mti vinafaa kuliko tundu moja au mawili ya matone, maana vinalowesha eneo pana la mizizi. Lakini maji yakituama, kuoza kwa mizizi kunaumaliza mti ukiwa mkubwa. Panda kwenye tuta, na usimwagilie udongo ambao bado umelowa.

Maji ya chini ya ardhi si ya msimu mmoja

La mwisho, na hili ni la wote. Hapa Makutupora, kwenye visima vinavyolisha jiji la Dodoma, kuna kumbukumbu za kina cha maji za zaidi ya nusu karne. Watafiti waliozichambua walichapisha matokeo mwaka 2013: maji ya chini hayajazwi sawasawa kila mwaka. Yanajazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ule wa El Niño wa 1997/98. Katikati hapo miaka mingi inapita tukiwa tunatoa kuliko kinachoingia.

Kwa hiyo kisima chako leo kinaweza kuwa kinakupa mvua iliyonyesha ukiwa mtoto. Pima kina cha maji kila mwezi, hata kwa kamba yenye uzito, uandike kwenye daftari. Kikishuka mwaka hadi mwaka, punguza eneo kabla kisima hakijakupunguzia. Na kisima cha kumwagilia kina taratibu zake kisheria. Kibali cha kutumia maji kinatolewa na Bodi ya Maji ya Bonde lako. Kifuatilie mapema, kinakulinda pia siku jirani akichimba mita chache kutoka kwako.

Basi wiki hii, kabla hujampigia muuzaji wa mipira, pata namba tatu: lita za kisima chako kwa siku mwisho wa kiangazi, lita zinazotakiwa na mti mmoja uliokomaa kwenye mwezi mgumu, na chumvi ya maji yako. Gawa ya kwanza kwa ya pili, utajua ni miti mingapi unaweza kuitunza. Ukizipata niandikie pamoja na aina ya udongo wako na nafasi uliyopandia, tuone ni ekari ngapi za kuanzia.

Kazi njema, na maji yasikukatikie.